Terminali ya Xfce: uzoefu wangu, na skripti iliyokuwa haionekani dirishani

Nina sekretariati ndogo hapa Nyawera, Bukavu. Tunachapa, tunaskani na kujalidi kazi za wanafunzi. Kompyuta ya kazi ni ya zamani, RAM yake ni GB 4 tu, kwa hiyo niliiwekea Linux Mint ya Xfce, mazingira mepesi ya madirisha. Terminali yake, yaani dirisha la kuandikia amri, nimeitumia mwaka mzima na ninaipenda sana: inafunguka haraka hata kivinjari kikiwa wazi, na maandishi yanasomeka vizuri. Sehemu iliyonichukua siku mbili kuielewa ndiyo ninayotaka kuieleza.

Nina skripti (faili la amri) niliyoiita panga, inayounganisha kurasa zilizoskaniwa ziwe PDF moja. Inakaa kwenye ~/kazi/skripti. Nikibonyeza Ctrl+Alt+F3 na kuingia kwenye ile skrini nyeusi isiyo na madirisha, inafanya kazi. Nikirudi kwenye dirisha la terminali, najibiwa «bash: panga : commande introuvable», yaani amri haikuonekana. Mwanafunzi amesimama mbele ya meza na TFC yake (kazi ya kumaliza masomo), umeme unaweza kukatika wakati wowote, na ananiuliza, «Yaya, bado tu?»

Bash, yaani sheli (programu inayopokea amri unazoandika), husoma mafaili tofauti kulingana na ilivyoanzishwa. Ukiingia kwa jina na neno la siri, hiyo ni sheli ya kuingia: inasoma /etc/profile, kisha inatafuta .bash_profile, .bash_login na .profile kwa mpangilio huo, na inasoma la kwanza inalolikuta, basi. Ukifungua dirisha tu, haisomi hata moja kati ya hayo, inasoma .bashrc. Mimi PATH yangu (orodha ya folda ambamo sheli hutafuta amri) ilikuwa ndani ya .bash_profile.

Kwenye mapendeleo ya terminali kuna kisanduku cha kuifanya iendeshe sheli ya kuingia. Nikakiwekea alama, nikafungua dirisha jipya, na panga ikaitika! Lakini rangi zilikuwa zimetoweka, na vifupisho vyangu vyote vya amri pia, kwa kuwa vilikaa .bashrc na sasa hakuna aliyekuwa analiita faili hilo. Nikaondoa alama, nikahamishia PATH kwenye .bashrc. Ikakubali, ila kila nilipoandika bash ndani ya bash, folda ileile iliongezwa tena. Nilipoandika echo $PATH niliiona imejirudia mara tatu mfululizo.

Chanzo nilikipata nilipozungumza na shemeji yangu wa Goma, anayetumia Mac. Ni yeye aliyeniambia zamani niunde .bash_profile, na kwake ilikuwa sawa, kwani Terminal ya Mac hufungua kila dirisha kama sheli ya kuingia. (Tangu toleo la macOS Catalina la 2019, Mac mpya zinatumia sheli nyingine, zsh, hivyo mafaili yake ni .zprofile na .zshrc.) Kwenye Mint, faili hilo lilikuwa limelifunika .profile lililokuja na mfumo, ambalo lenyewe huita .bashrc linaposomwa na Bash.

Basi nilihamishia mstari wa PATH kwenye .profile, nikalifuta .bash_profile, nikaacha vifupisho kwenye .bashrc, nikatoka kwenye akaunti na kuingia upya. Kutoka ni lazima, kufunga dirisha peke yake hakutoshi: .profile husomwa mara moja kikao kinapoanza, na madirisha yote hurithi kutoka hapo. Faida yake ni kwamba hata programu unazozifungua kwenye menyu zinaiona PATH hiyo.

Kisanduku nimekiacha bila alama, lakini kwa majaribio kinafaa: kiwashe, fungua dirisha jipya, andika shopt login_shell, utaona on (ni sheli ya kuingia) au off (siyo). Na kwenye .profile usiandike amri zinazojulikana na Bash peke yake, maana kikao cha picha (kile chenye madirisha) hulisoma kwa sh, sheli ya kawaida iliyo rahisi kuliko Bash.

Kwa terminali yenyewe natoa nyota tano.