TAHADHARI: Ukiambiwa "inamisi kidogo tu, badilisha plagi", usitoe hela

Wakuu, kama kuna mtu yuko mbioni kununua gari ya mkononi hapa Dar, naomba asome hii kabla hajalipa.

Kuna madalali wanazungusha Toyota IST za zamani, zile za 2002 mpaka 2007 zenye injini ya 1NZ, silinda moja ikiwa imechoka na wenyewe wanajua. Hawafichi kwamba inamisi, yaani kuna silinda haichomi mafuta sawasawa. Wanakiri mapema, wanashusha bei kidogo, wanakwambia ni plagi tu, "ukifika kwa fundi saa moja imeisha." Huo ukweli nusu ndio unaoua, kwa sababu mnunuzi anaona kapata muuzaji mkweli.

Kijana wa mtaani kwetu kauziwa hivyo hivyo. Alipofika kuiona, injini ilikuwa tayari ya moto na taa ya cheki injini haiwaki. Dalali akawa anakanyaga mafuta: "Sikiliza, imetulia." Lazima itulie! Injini ikizunguka haraka, kampresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) haipati muda wa kuvuja yote. Misi ya namna hii isikilize kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta.

Siku chache baadaye taa ikawaka, tena ya kupepesa. Taa ikipepesa, petroli ambayo haijaungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega, kile kisafisha moshi cha ndani ya ekzosi. Mashine ya kusoma makosa ikatoa kodi P0302, yaani misi iko silinda namba 2. Akanunua plagi nne, akanunua koili (inayoipa plagi umeme), akasafisha nozeli za mafuta. Bado inamisi. Hela zote hizo zimetoka kwa mtu anayeanza maisha, na dalali hapokei simu.

Gari ilipoletwa gereji, tulianza kwa kubadilishana koili ya namba 2 na ya namba 1. Koili ingekuwa mbovu, kosa lingehamia P0301. Halikuhama. Tukapima kampresheni: silinda tatu zinakaribiana, namba 2 haifiki hata nusu yao. Tukamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, tukapima tena, geji haikupanda, kwa hiyo si ringi za pistoni; zingekuwa hizo, oili ingeziba na geji ingepanda. Tukaipandisha pistoni juu kabisa, valvu zote zimefunga, tukaingiza upepo wa kompresa. Upepo ukasikika waziwazi unatokea nyuma kwenye bomba la moshi. Valvu ya kutolea moshi imeungua. Hapo ni kufungua hedi (kichwa cha injini), na hakuna plagi duniani itakayoponya hilo.

Kilichoniuma zaidi ni dalali wa pili aliyejitokeza kumshauri kijana afute kosa kwenye mashine, taa izime, waiuze kwa mwingine. Kakataa, na namheshimu kwa hilo. Lakini mjue ndivyo gari hizi zinavyozunguka.

Kwa hiyo mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti mwenyewe, iwe ya baridi. Ukifungua swichi bila kupiga stata, taa ya cheki injini lazima iwake. Isipowaka, balbu imetolewa au waya umechezewa. Nenda na kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kusoma makosa. Kwenye gari zinazokubali, kinaonyesha kilomita zilizotembewa tangu makosa yafutwe. Ukikuta kilomita 3, muulize kafuta nini. Kisha weka kiganja nyuma ya bomba la moshi ikiwa kwenye sailensa: moshi unatakiwa utoke kwa mpigo mmoja sawa, usiwe wa kukatika katika.

Yote hayo ni utangulizi tu, jibu liko kwenye geji ya kampresheni. Kupima silinda nne ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye vifaa. Mlipe fundi wako, asiwe yule "aliyekuwepo hapo karibu" ambaye dalali anamwita. Na muuzaji akikataa plagi zisifunguliwe mbele yako, hata akipunguza bei tena, ondoka.