Hozi za stenlesi za breki ya pikipiki: zipi ununue ukiishi na hewa ya chumvi Mombasa

Kabla hujatoa pesa angalia gurudumu lako la mbele. Kama ni dramu, yani ile breki inayovutwa na waya kama Boxer nyingi na TVS HLX nyingi za boda, hii habari haikuhusu, huna hozi wala mafuta ya breki, we badilisha breki shuu na waya, paka grisi, uende zako. Hii ni ya wenye diski. Pulsar, Apache, FZ, Duke, Himalayan, na nyinyi wa mashine kubwa mnaotuamsha Nyali Jumapili asubuhi.

Na tuambiane ukweli mapema, hozi ya stenlesi peke yake haifanyi pikipiki isimame karibu zaidi. Kinachosimamisha ni tairi na pedi. Hozi inabadilisha vile leva inavyohisi mkononi, inakuwa ngumu, inajibu mara moja, na unajua umebana kiasi gani, ambayo kwa barabara yenye matuktuk yanayokata kona bila indiketa ni jambo kubwa sana lakini si muujiza. Kwa hivyo kama pedi zako zimebaki kama karatasi, anza na pedi, kisha mafuta ya breki mapya, ndo tuje kwa hozi. Nshaona mtu ana hozi nyekundu za kung'aa na diski imechimbika mpaka unaweza kuweka kucha kwenye mfereji.

Sasa mbona watu wanabadilisha? Ukibana leva, mastasilinda (ile pampu ndogo ya mafuta pale kwenye leva) inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni za kalipa (ile inayobeba pedi pale kwenye diski), pedi zinakamata diski. Hozi ya mpira ikishazeeka inavimba kidogo kila ukibana, sasa nguvu yako nyingine inaishia kuivimbisha hozi badala ya kubana diski, na ndo unakuta leva inaingia mpaka karibu na gripu. Kuna ubaya mwingine watu hawaujui, mpira unaweza kuharibika kwa ndani huku nje unaonekana mzima kabisa, njia inaziba nusu, mafuta yanaenda kwa kalipa yakisukumwa lakini kurudi yanarudi pole pole, hapo breki inabaki imekamata kidogo, diski inachemka na fundi anakubadilishia kalipa nzima wakati shida ni hozi. Ndo maana vitabu vya Yamaha na Suzuki vinasema hozi ya mpira ibadilishwe kila miaka 4. Niambie nani hapa anabadilisha. Pikipiki nyingi za mitumba zinazotembea mji huu zina hozi ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Hozi ya stenlesi kwa ndani ni bomba jembamba la Teflon, ambalo halivimbi kirahisi na haliliwi na mafuta ya breki, juu yake kuna wavu wa nyuzi za stenlesi, na juu kabisa, kwa zile nzuri, kuna koti la plastiki. Hilo koti na zile ncha mbili za mwisho, vile viungo vya chuma vinavyofungwa kwa bolti, ndo vitu viwili mtu wa Pwani anatakiwa aangalie kabla ya jina la kampuni na kabla ya rangi.

Manake huku kwetu adui ni chumvi. Mtu wa Nairobi akinunua hozi yenye ncha za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki itamkalia miaka bila wasiwasi, we unayepaki Shanzu au Likoni upepo wa bahari unakupiga usiku kucha, zinki inaanza kutoa unga mweupe, baadaye kutu la rangi ya chai pale kwenye shingo ya bolti, halafu siku unataka kufungua ile bolti inakatika ndani ya kalipa. Wavu usio na koti nao unashika mchanga na chumvi katikati ya nyuzi na huwezi kuuosha ukatoka wote. Tena wavu mtupu ni kama tupa ya kusagia chuma, ukigusana na foki au waya wa taa kila unapokata kona unasaga taratibu mpaka unafika kwenye shaba ya waya. Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: ncha za stenlesi, na koti juu. Bila hivyo viwili usinunue, hata ukipunguziwa.

Haya, tupange sasa, bora mpaka mbovu.

Namba moja ni seti iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki yako, urefu wake na pembe za ncha zake, kutoka kwa makampuni yanayojulikana. HEL na Goodridge zote mbili ni za Exeter, Uingereza, Venhill nayo ni ya Uingereza, Galfer ya Hispania, Spiegler ya Ujerumani. Mimi kwa Mombasa ningeanza na HEL au Venhill, kwa sababu ncha za stenlesi ni kitu cha kawaida kwao, hutafuti sana. Goodridge ni wazuri sana ila soma oda vizuri, maana wanauza seti hiyo hiyo kwa ncha za zinki na kwa ncha za stenlesi, na ya zinki ndo rahisi, na ndo mtu anaibofya haraka akidhani ni zile zile. Spiegler wana jambo lao zuri, ncha zao unaweza kuzizungusha ukazipanga zikae pembe unayotaka bila kukunja hozi, kwa hivyo kama umebadilisha usukani ukaweka mrefu au umebadilisha kalipa, hao ndo wako. Galfer ni hozi nzuri, lakini ukiona ncha za rangi rangi kwa kampuni yoyote uliza kama ni aluminiamu, na aluminiamu kwa hewa yetu siitaki.

Bei, hozi moja ya mbele inazunguka pauni 40 hadi 60 kabla ya usafiri, pikipiki ya diski mbili mbele au yenye ABS (breki zinazozuia gurudumu lisijifunge) inapita 100 kwa urahisi. Halafu ikifika kuna VAT ya 16% na ushuru wake juu, kwa hivyo agizeni wawili watatu pamoja mgawane usafiri. Ukiwa na mtu anakuja kutoka Uingereza ni kitu kidogo kinaingia kwa begi, mwambie tu asiiweke mahali itakunjika.

Namba mbili, na hapa najua nitatukanwa, ni hozi mpya ya mpira, ya orijino, ya pikipiki yako. Ndiyo, mpira. Hozi mpya ya Bajaj au TVS au Yamaha pamoja na mafuta mapya ya breki ya DOT 4 na pedi nzuri inashinda hozi ya stenlesi usiyojua imetoka wapi, tena kwa mbali. Kama kazi yako ni Mtwapa kuja town na kurudi, hukimbizi mtu, hii inakutosha, leva itarudi kama mpya na utashangaa mbona hukufanya mapema. Inapatikana kwa maduka ya spea ya kawaida, kwa pikipiki za Kihindi hasa, na kama haipo wanakuagizia. Omba uone tarehe iliyochapwa kwenye mpira, hozi iliyokaa kwa shelfu miaka mingi imezeeka hata kama iko ndani ya karatasi.

Namba tatu ni kujitengenezea: unanunua hozi kwa mita na ncha mbali mbali, unafunga kwa spana. Goodridge na Venhill wanauza hivo. Inafaa kwa pikipiki za zamani ambazo hazimo kwenye orodha ya mtu, au ulizobadilisha sana. Lakini inataka mkono safi, kile kikoni kidogo cha shaba cha ndani kikikaa upande inavuja, na wavu ukichanuka nyuzi moja tu inakutoboa kidole mpaka unataja majina yote unayoyajua. Usiipe fundi ambaye hajawahi kuifanya.

Namba nne ni zile za rangi zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kuku, za kila pikipiki, urefu unachagua sentimita 80 au 100 au 120. Si zote mbovu, nasema ukweli, lakini unabahatisha, na breki si kitu cha kubahatisha. Ukilazimika, fanya hivi. Kwanza angalia maandishi kwenye hozi yenyewe, hozi ya kweli inayouzwa kwa soko la Marekani inakuwa na alama ya DOT (hapa ni idara ya usafiri ya Marekani, si mafuta) na jina la mtengenezaji, mana sheria yao ya hozi za breki, FMVSS 106, inadai hivo, ingawa maandishi nayo yanaweza kughushiwa kwa hivyo usiishie hapo. Pili chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, uiguse kwa ncha. Stenlesi nzuri ya daraja la 304 au 316 haishiki au inashika kwa mbali sana pale ilipobanwa, ikidaka pap! ujue hicho ni chuma cha kawaida kimepakwa. Nilijaribu kwa duka moja town mwenye duka ananiangalia, boksi limeandikwa stenlesi kubwa kubwa, sumaku ikaning'inia kwenye ncha kama kupe, akaniambia ati hiyo ni stenlesi ya sumaku. Nikamrudishia na salamu. Isiposhika kabisa na ni nyepesi mkononi, hiyo ni aluminiamu. Tatu shika ncha na hozi uzungushe kwa nguvu kidogo, pale ilipobanwa pasiteleze hata nywele.

Namba tano, usifanye: hozi iliyotolewa kwa mashine nyingine iliyochinjwa, na hozi ya kubaniwa kwa watu wa haidroliki wa malori na foklifti. Hao mafundi wanajua kazi yao, shida ni kwamba hozi nyingi za haidroliki mpira wake wa ndani umetengenezwa kwa oili ya madini, na mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 ni kitu kingine kabisa, yanaulainisha na kuuvimbisha ule mpira mpaka unaziba njia au unapasuka. Inaweza kushika vizuri wiki za kwanza, ndo ubaya wake.

Vitu vya kununua pamoja, manake fundi atakwambia vya zamani bado viko sawa. Washa mpya za kopa, vile vipete bapa vya kuzuia kuvuja, mbili kwa kila bolti ya banjo (ile yenye tundu ndani inayopitisha mafuta), na pale bolti moja inapobeba hozi mbili unahitaji tatu. Bolti zenyewe mara nyingi ni milimita 10 lakini nyuzi ziko za aina mbili, zenye nafasi ya milimita 1.25 kwa Wajapani wengi na 1.00 kwa Brembo (kampuni ya breki ya Italia) na jamaa zake, na ile ya 1.00 inaingia kwenye tundu la 1.25 mizunguko miwili hivi halafu inakaza, ukilazimisha umeua mastasilinda. Nenda na bolti yako ya zamani mfukoni. Mafuta chukua DOT 4 kwenye chupa iliyofungwa, si ile iliyofunguliwa tangu mwezi wa Ramadhani, mana mafuta haya yanafyonza unyevu wa hewa na Mombasa unyevu ndo tunaulala. DOT 4 kavu inachemka kuanzia nyuzi joto 230 za Selsiasi, ikishafyonza maji inashuka hadi 155, na ukishuka Kwale kuja Kombani umebana breki njia nzima na abiria na magunia, hiyo tofauti utaihisi. DOT 5 iache, ni silikoni, haichanganyiki na nyingine. DOT 5.1 inachanganyika, majina tu ndo yanachanganya watu.

Kufunga, mambo machache. Funika tangi na kitambaa kilichoroa, mafuta ya breki yanakula rangi. Kabla ya kukaza kata usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, halafu nyanyua mbele foki zinyooke kabisa, hozi isivutike wala isiguse tairi. Ukishatoa hewa funga leva kwa kamba ikiwa imebanwa uiache mpaka asubuhi, viputo vingi vidogo vya hewa vinapanda vyenyewe juu kwa mastasilinda. Asubuhi zungushia kila kiungo tishu kavu, bana leva kwa nguvu uishikilie dakika nzima, tishu ikipata doa fungua, badilisha washa, usiikaze tu zaidi. Yenye ABS kuna hozi zinazoenda kwa moduli (lile boksi la ABS) na zinazorudi, piga picha kwanza kabla hujafungua hata moja, na BMW nyingine zinataka mashine ya kompyuta kutoa hewa, kwa hivyo uliza fundi kama anayo kabla hujamwachia funguo.

Ya nyuma unaweza kuiacha ya mpira mpya, ni fupi na mguu hausikii tofauti kubwa. Ukiagiza ya mbele mtumie muuzaji modeli kamili, mwaka, kama ina ABS au haina, diski moja au mbili, na kama usukani si wa kiwandani pima wewe mwenyewe kwa kipande cha waya wa umeme kutoka bolti ya juu mpaka ya chini, usukani ukiwa umekatwa upande inakovutika zaidi. Koti chukua la wazi au la moshi. Jeusi linapendeza lakini kutu likianza chini yake hulioni.