Pawabenki ya Double Road: imenifikisha Guangzhou, Yiwu haikufika

Nauza mikoba Moshi, na mzigo naufuata China mwenyewe. Safari ya mwaka jana nilinyang'anywa pawabenki ukaguzini. Ilikuwa na mAh 50,000 (kipimo cha ujazo wa betri) kwa maandishi ya dhahabu. Mkaguzi akaigeuzageuza akitafuta Wh, yaani saa-wati, kipimo cha nishati ambacho mashirika ya ndege yanakiangalia, hakuna. Na kama ile namba ingekuwa ya kweli, basi ukizidisha kwa volti 3.7 za betri ni Wh 185, wakati bila kibali cha shirika la ndege mwisho ni 100. Sikubisha. Yenyewe hata simu haikuwahi kuijaza mara tatu.

Safari hii nikaenda Double Road kwa kijana wa vifaa vya simu. "Mangi, nataka yenye Wh mgongoni, rangi sijali." Akacheka: "Mama, wewe ulishanyang'anywa." Akanipa ya mAh 20,000, Wh 74, Sh 55,000. Maandishi yamechongwa kwenye plastiki yenyewe, si stika ya kufutika na jasho.

Kutoka KIA kupitia Addis Ababa hadi Guangzhou imejaza simu yangu ya mAh 5,000 mara mbili na kitu. Atakayelalamika kwamba hesabu ni mara nne asome mstari wa chini mgongoni mwa pawabenki: mAh 12,000 kwa volti 5. Betri za ndani ni za volti 3.7, na kuzipandisha kunakula umeme. Angalau waliotengeneza hii wamesema ukweli. Addis iliniokoa hasa, maana chaja yangu ya miguu mitatu haikuingia kwenye soketi niliyoipata.

Ndani ya ndege niliiweka kwenye pochi miguuni, sio juu kwenye mabegi. Tangu ile ndege iungue uwanjani Busan, Korea Kusini, Januari 2025, pawabenki iliyokuwa juu kwenye mabegi ikashukiwa, mimi mwenyewe nataka niione.

Kasoro: nzito kama nusu kilo ya sukari, na yenyewe kujaa inataka usiku mzima. Hayo navumilia. Lililoniuma ni alama ya 3C, ile ya China ya kuthibitisha usalama wa bidhaa. Ndege za ndani za China, tangu 28 Juni 2025, hazipokei pawabenki isiyo nayo, na yangu haina. Nikaiacha mapokezi ya hoteli Guangzhou, nikapanda ndege ya Yiwu.

Nilifika simu ina asilimia 11. Kule hata bakuli la tambi watu wanalipia kwa simu. Nimeagiza, nimekaa, nafungua niskani, kioo kikazima. Natoa noti, mwenye mgahawa anaangalia chenji hana. Nililipiwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa meza ya nyuma, akanichajisha na kwa pawabenki yake. Nikaigeuza mgongoni kabla ya kumshukuru: 3C hiyo hapo, ndani ya duara.

Nyota nne. Mangi nimeshamwachia hela ya moja yenye duara, na nimemwambia asinipigie mpaka aione kwa macho yake.