Kompyuta na mafunzo ya TEHAMA kwa madaktari tarajali: tathmini ya aliyeyapitia

Hospitali ya rufaa ya mkoa ninayoitathmini hapa, ambayo sitaitaja jina, huwapa madaktari tarajali mafunzo ya GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendesha shughuli za hospitali, wanaporipoti, pamoja na chumba chenye kompyuta za kujisomea.

Mafunzo yenyewe ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Mkufunzi wa kitengo cha TEHAMA hakutuchosha kwa slaidi, bali alitukalisha wawili wawili mbele ya mashine na kutupa mgonjwa wa kubuni mwenye homa na upungufu wa damu, tukamwandikia historia, tukamwagizia FBP (kipimo cha picha kamili ya damu), tukachagua ugonjwa kwa msimbo wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, na kumwandikia dawa hadi jina lake likatokea dirishani kwa mfamasia. Mmoja wetu alipochagua msimbo usio sahihi, mkufunzi alimwacha aendelee, kisha akatuonyesha kosa hilo lilivyofika kwenye dai la bima na kwenye taarifa za MTUHA, mfumo wa taifa wa takwimu za huduma za afya. Somo hilo halisahauliki.

Tatizo ni kinachofuata. Akaunti ya mtarajali huchelewa kwa majuma, na kwa kuwa wagonjwa hawasubiri, kila mtu huazima nywila ya aliyemtangulia. Matokeo yake ni kwamba daktari bingwa akiuliza kwenye raundi ni nani aliyeagiza antibiotiki ya ceftriaxone, skrini humtaja daktari aliyekwisha kuondoka hospitalini. Hilo ni suala la usalama wa mgonjwa, na kulichukulia kama usumbufu mdogo wa kiofisi ni kujidanganya.

Chumba cha kompyuta nacho hufungwa saa 9:30 alasiri pamoja na ofisi nyingine, yaani muda ambao mtarajali ndiyo kwanza anatoka wodini. Usiku hubaki kompyuta moja ya wodi, yenye kibodi iliyofutika herufi, ambayo wauguzi wanaihitaji kwa haki kabisa.

Maktaba imenipendeza zaidi, ingawa haitangazwi. Imesajiliwa Hinari, mpango ambao Shirika la Afya Duniani na wachapishaji waliuanzisha mwaka 2002, na mkutubi hutoa nywila ya taasisi kwa yeyote anayeiomba, hivyo majarida ya kulipia husomeka bila malipo.

Mafunzo nayapa nyota nne kati ya tano. Upatikanaji wa kompyuta, mbili. Anayeripoti karibuni aombe akaunti yake kwa maandishi siku ya kwanza, kabla hata ya kupangiwa zamu, na apite maktaba siku hiyohiyo.