Flashi ya harusi kwa kumbi za Dar: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Dogo mmoja wa Mbagala alinipigia majuzi. "Shikamoo kaka. Nimejichanga, nataka flashi moja ya maana. Nitajie jina tu niingie Kariakoo." Nikamuuliza: kumbi unazopigia kazi, dari zake zina rangi gani? Akanyamaza, akadhani namtania.

Sikuwa namtania. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakwambia uelekeze flashi juu, mwanga udunde kwenye dari nyeupe ushuke laini usoni. Sasa ingia ukumbi wowote wa Sinza au Tabata Jumamosi usiku. Dari yote imefunikwa vitambaa vya rangi ya kamati: zambarau, bluu, dhahabu. Mwanga ukidunda kwenye zambarau, bibi harusi anageuka zambarau. Na kama hakuna vitambaa, dari iko juu mno au imepakwa rangi nyeusi, mwanga unapanda na haurudi. Ukisema basi umulike mbele moja kwa moja, jasho linang'aa kwenye paji la uso, shela linageuka karatasi tupu, na nyuma ya maharusi giza kama umeme umekatika.

Kwa hiyo kwa kazi za Dar, hela ya kwanza iende kuitoa flashi juu ya kamera na kuiweka kwenye stendi pembeni. Orodha yangu imepangwa kwa kigezo hicho, ndiyo maana flashi ya bei kubwa haikai juu.

Namba 1: Godox TT600 mbili na triga ya X2T

TT600 haina akili yoyote ya kupima mwanga. Nguvu unapanga mwenyewe, kuanzia 1/1 ambayo ni nguvu kamili, unashuka nusu, robo, hadi 1/128. Kila hatua moja ni nusu ya mwanga wa hatua iliyotangulia. Wengi wanaiogopa kwa sababu hiyo. Lakini fikiri: flashi iko kwenye stendi kona ya ukumbi, maharusi wako jukwaani, umbali haubadiliki saa nzima. Ukishapata 1/8 inayokaa vizuri, itabaki 1/8 kuanzia keki hadi shampeni. Cha kupima tena na tena hakuna.

Hapa muuzaji atakutajia GN, ile namba 60 kwenye boksi. GN ni umbali kwa mita ukizidisha na namba ya apacha (tundu la lenzi, ile f/), kwenye ISO 100; ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga. GN 60 kwa mtu aliye mita 10 inakupa f/6. Ukipandisha ISO hadi 400, umbali unaongezeka mara mbili. Lakini soma maandishi madogo: hiyo 60 imepimwa zumu ya flashi ikiwa 200, yaani mwanga umebanwa kama tochi. Ukifungua zumu ili mwanga uenee familia nzima, namba inashuka sana. Kuna mwingine ataandika 58 iliyopimwa kwenye zumu 105, na huyo hana nguvu ndogo kuliko wa 60. Ukilinganisha namba bila kuangalia zumu, umepimiwa mchele kwa vikopo viwili tofauti.

X2T ndiyo inayokaa juu ya kamera na kuamrisha flashi kwa redio ya 2.4 GHz. Triga lazima ifanane na kamera yako: herufi C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony, F ni Fujifilm. Flashi iliyoko kwenye stendi haina ulazima huo, na hapa ndipo penye hela. Godox TT685, flashi nyingine ya familia hiyo hiyo, ya Nikon iliyotumika, ambayo muuzaji anahangaika kuiuza kwa sababu wateja wake wana Canon, inapokea amri za X2T ya Canon bila shida. Mimi nilipata ya kwangu hivyo hivyo.

Udhaifu wake ni betri. Kila TT600 inakula nne za AA, triga mbili, jumla kumi. Zile za bei chee za dukani zitakufia kabla hata ya chakula. Nunua za kuchaji aina ya NiMH, seti mbili. Zina volti 1.2 tu dhidi ya 1.5 za alkalaini, lakini zinatoa umeme kwa kasi zaidi, kwa hiyo flashi inajaa upesi.

Namba 2: Godox V860III

Hii ni ya kukaa juu ya kamera pale unapotembea: ndugu wanaingia na zawadi wakicheza, mama mkwe anakujia mbio, umbali unabadilika kila sekunde. Hapo TTL inastahili hela yake. TTL maana yake kamera inaiamuru flashi itoe mwako mdogo kwanza, inaupima kupitia lenzi, kisha inapanga nguvu ya mwako wenyewe. Yote yanatokea haraka kiasi kwamba unaona mwako mmoja.

Ila TTL inadanganyika. Shela jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bibi harusi unaingia giza. Suti nyeusi zikijaa, inafanya kinyume. Mimi nikikaribia shela huongeza fidia ya flashi hatua moja, na hapo bado naangalia skrini.

Betri yake ya lithiamu inatoa karibu mwako 480 wa nguvu kamili. Bajeti ikibana chukua TT685II, inafanya kazi karibu zile zile kwa betri za AA. Kwa nini basi isiwe namba moja? Kwa sababu ukiwa nayo peke yake bado uko kwenye tatizo la dari.

Namba 3: Godox AD200Pro

Kwa wanaopiga picha za nje, Coco Beach au Kigamboni, tena saa nane mchana kwa sababu maharusi walichelewa saluni. Ina nguvu ya wati-sekunde 200, mara kadhaa ya flashi ya kawaida.

Hiyo nguvu inahitajika kwa sababu ya shata. Ndani ya kamera kuna mapazia mawili: moja linafungua, lingine linafuata kufunga. Hadi kasi ya 1/200 au 1/250, kutegemea kamera, kuna wakati sensa yote iko wazi na flashi inaimulika yote kwa mpigo. Ukizidisha kasi, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, na picha inatoka na mkanda mweusi. Kukwepa hilo kuna HSS: flashi inapiga miako midogo mfululizo wakati mapazia yanapita. Unaweza kupiga hata 1/2000 juani na apacha wazi. Gharama yake ni kwamba nguvu inaporomoka, na TT600 moja juani kwa HSS utaipeleka karibu mno na mtu hadi stendi iingie kwenye picha. TT600 yenyewe, kwa njia, HSS inaipata ikiwa mbali na kamera tu, kwa amri ya triga. Ukiichomeka juu ya kamera haina.

Namba 4: Yongnuo YN560 IV

Mwanga wake hauna tatizo, na redio iko ndani. Haina HSS, na redio yake haiongei na ya Godox. Kama rafiki yako anakuachia mbili kwa bei ya kutupa, chukua. Ukinunua mpya leo unajifungia kwenye familia ambayo kesho itakulazimu uanze upya.

Za kuacha

Godox V1, ile yenye kichwa cha duara, ni nzuri na inapendeza mkononi, lakini kwa kawaida bei yake inatosha TT600 mbili na triga na chenji ya bodaboda inabaki. Subiri. Flashi kuukuu za zamani za filamu ziache kabisa: baadhi zina volti kubwa kwenye pini ya kufyatulia, zinaweza kuunguza kamera ya kidijitali. Na usimruhusu fundi afungue flashi mbele yako kwa bisibisi kama redio. Kapasita ya ndani inahifadhi volti takriban 300 hata betri zikiwa nje.

Wenye Canon 2000D, 4000D au 250D, sikieni: kamera hizo hazina ile pini ya katikati pale flashi inapochomekwa. TT600 na YN560 ukizichomeka juu yake hazifyatuki, na wala si mbovu. Mnahitaji triga au flashi iliyotengenezwa kwa Canon, na muijaribu pale pale dukani kwa kamera yenu wenyewe.

Kuunganisha

Triga kwenye kamera, washa. Flashi iweke kwenye hali ya kupokea redio, chaneli ile ile na ID ile ile, yaani namba ya utambulisho inayotenganisha vifaa vyako na vya mwenzako. Flashi kuu iwe kundi A, ya nyuma ya maharusi kundi B, ili uzipandishe na kuzishusha ukiwa umesimama pale pale. Anza na M (nguvu unayopanga mwenyewe) 1/16, shata 1/160, f/4, ISO 800. Nyuma kukiwa giza, punguza kasi ya shata, usiongeze flashi: shata inatawala taa za ukumbi, flashi inatawala watu. Taa za ukumbi zikiwa za njano, bandika karatasi ya chungwa kwenye flashi, la sivyo watu watakuwa weupe na ukuta wa maembe.

Flashi ikiwa chini ya mita moja kutoka kwa triga wakati mwingine inagoma. Kwenye menyu ya triga badilisha umbali uwe 0 hadi 30. Ikiwa mbali, iinue juu ya vichwa, maana mawimbi ya 2.4 GHz yanamezwa na maji na sisi binadamu ni maji yanayotembea. Mguu wa stendi uning'inizie dumu la maji la lita tano. Feni za kumbi zetu zimeshaangusha miavuli mingi ya kulainishia mwanga wa flashi, mmoja wangu ukiwa juu ya meza ya mashemeji.

Hali za S1 na S2 ni za kufyatuka kwa kuona mwako wa flashi nyingine. S1 inafuata mwako wa kwanza, S2 inaruka ule mdogo wa TTL. Studio peke yako ni sawa. Ukumbini kila flashi ya mwenzako itafyatua yako. Hata redio ina hilo: kwenye sendofu moja flashi yangu ilipiga usiku kucha kila mpiga picha wa upande wa pili alipobonyeza, na betri zikaisha kabla ya keki. Sote tulikuwa chaneli 1, kama ilivyotoka kwenye boksi. Siku hizi nafika mapema, nawasalimia, tunagawana chaneli na kila mmoja ID yake.

Ukiwa kaunta, weka betri zako zilizojaa, siyo zake. Piga 1/1 mara kumi huku ukihesabu. TT600 nzima inajaa ndani ya sekunde tatu. Ikifika tano, au ikinuka plastiki inayoungua, rudisha. Tikisa kichwa chake, zungusha shingo, chungulia kioo cha mbele kama kuna doa jeusi. Serial namba ya flashi iandikwe kwenye risiti. Muuzaji akikuambia "kaka, hii orijino, haihitaji kujaribiwa," mwambie hela nayo iko kwenye simu, orijino, na haijatumwa.