Kipimaunyevu ndani ya chupa ya mnanaa: uzoefu wangu wa misimu mitatu

Nimepanda mnanaa, mrehani na mchaichai nyumbani kwa miaka kadhaa sasa, na kuvuna hakujawahi kunipa shida. Shida ilikuwa kuhifadhi. Msimu mmoja nilijaza majani makavu ya mnanaa kwenye chupa tatu za mdomo mpana, nikazifunga na kuziweka kabatini. Siku nazifunga, majani yalikuwa yakivunjika vidoleni kwa sauti, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote. Wiki ya tatu nikafungua moja. Harufu ya mnanaa haikuwepo. Iliyonipokea ni ile ya nyasi zilizoloa zikafunikwa. Nikamwaga majani juu ya karatasi nyeupe, nikayapekua moja moja, na pale kikonyo kinaposhikana na jani nikaona nyuzi za kijivu, nyembamba kama utando wa buibui. Nilitupa chupa zote tatu. Jani lenye ukungu halichambuliwi: ukiuona mahali pamoja, chembe zake zimeshasambaa kwenye chupa nzima.

Iliniuma sana, maana ile ilikuwa kazi ya miezi. Ndipo nikanunua vipimaunyevu vidogo vya kidijitali, paketi ya vitatu, na tangu hapo sijapoteza chupa hata moja.

Kwa ambaye hajawahi kukiona: ni kidude cha duara kinachoenea kiganjani, nyuma kina betri bapa kama kifungo cha shati, mbele kina kioo kinachoonyesha namba mbili, joto na unyevu wa hewa kwa asilimia. Hakina swichi wala hakihitaji simu. Unakiweka ndani ya chupa, uso wake ukiangalia nje, unafunga mfuniko na kusoma bila kufungua. Kazi yake ni hiyo tu. Hakikaushi chochote, na nimeona watu wakikilaumu kwa sababu walitegemea kikaushe.

Kinachonifanya nikipende ni kwamba kinaona kitu ambacho kidole hakiwezi kukiona. Ubapa wa jani ni mwembamba, unakauka mapema. Kikonyo na bua vinabaki vimeshika maji ndani. Ukishafunga chupa, maji hayo yanaanza kutoka polepole, yanaingia kwenye hewa ya chupa na kurudi kwenye majani, mpaka kila kitu mle ndani kilingane. Ndiyo maana majani yaliyokuwa yakivunjika jioni unayakuta asubuhi yamelegea kama kitambaa. Hayakunyonya maji kutoka nje. Maji yalikuwemo humo humo.

Nitoe mfano wa mnanaa wa msimu uliopita, kwa sababu niliandika namba zake. Nilivuna gramu 900 mbichi, nikafunga mafungu ya mabua manane manane, nikayaning'iniza kichwa chini kwenye chumba chenye giza. Feni ilikuwa inavuma kuelekea ukutani ili hewa izunguke bila kuyapiga majani moja kwa moja. Jua sitaki kabisa: linapausha rangi na kuondoa mafuta ya harufu yale yale ninayoyatafuta. Siku ya sita nikapukuchua majani, nikajaza chupa robo tatu, nikaweka kipimaunyevu na kufunga.

Baada ya saa moja kilisoma 51. Ningekuwa mtu wa haraka ningeiweka chupa kabatini nikaendelea na mambo yangu. Asubuhi yake kilisoma 68. Nikamwaga majani kwenye wavu kwa saa nne, nikarudisha, nikafunga. Kesho yake 63. Nikarudia, safari hii saa mbili tu. Kesho yake 58, halafu 56, na 56 ikakaa siku tatu mfululizo bila kusogea. Hapo nikajua kazi imeisha. Zilibaki gramu 155, na zile siku za kufungua na kufunga zilifanya jambo jingine ambalo sikulitegemea: ile harufu ya ubichi, ya nyasi zilizokatwa, ilipungua, ikabaki ya mnanaa wenyewe, safi na kali.

Kanuni ninayofuata ni kwamba hewa ya chupa ikitulia chini ya asilimia 60, ukungu hauna maji ya kutosha kuota. Ikipanda zaidi ya 65, sisubiri kesho, namwaga majani siku hiyo hiyo. Ikishuka chini ya 45, majani yanageuka vumbi ukiyagusa, na harufu inaondoka upesi. Mimi nalenga 55, kidogo juu au chini.

Sasa, usiiamini namba kabla ya kuipima. Vingi vya aina hii vinaweza kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, na kosa la 5 ndilo linalotenganisha chupa nzima na chupa iliyooza. Njia ni rahisi, na chumvi ya kawaida inatosha. Weka kijiko cha chumvi kwenye kifuniko kidogo, dondoshea maji mpaka iwe kama mchanga uliolowa, isiyeyuke yote. Kiweke pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko au kopo lisilopitisha hewa, visigusane, uache siku nzima. Hewa ya humo itakuwa na unyevu wa asilimia 75. Vyangu vitatu vilisoma 76, 79 na 71. Nikabandika utepe nyuma ya kila kimoja: toa 1, toa 4, ongeza 4. Zile namba za mnanaa nilizozitaja hapo juu nimeshazirekebisha.

Kasoro zipo. Kimoja kilikufa mwezi wa tano. Kilianza kuonyesha alama badala ya namba, nikabadilisha betri, hakikurudi. Muuzaji aliniambia muda wa kubadilishiwa umepita, na hapo nilikasirika, kwa sababu paketi haikuandikwa muda wowote. Tatizo la pili ni kwamba kinasoma polepole. Ukifungua chupa ukafunga, ile namba ya mwanzo ni ya hewa ya chumbani, haina maana. Mimi nangoja usiku mzima. Tatu, nyuma kina vitundu vya kuingiza hewa, na unga wa majani unaviziba, kwa hiyo kila nikimaliza chupa napitisha brashi laini. Na ukitoa chupa mahali pa joto ukaipeleka pa baridi, namba inayumba hata kama majani hayajabadilika. Iache itulie kwanza.

Mrehani umenishughulisha kuliko mnanaa. Majani yake ni mapana na laini, yakikauka polepole au yakipondeka yanakuwa meusi. Kuning'iniza hakukunifaa. Nayachuma moja moja, nayatandaza bila kupandana, nayakausha kwa mashine iliyowekwa nyuzi 35, halafu naingiza kwenye chupa na kipimaunyevu kama kawaida. Mashine inakausha nje haraka sana, kwa hiyo namba inapanda zaidi usiku wa kwanza. Niliwahi kuona 72 kwa majani yaliyokuwa makavu kabisa mkononi. Kwa mrehani, bila kipimaunyevu nisingethubutu tena. Mchaichai hauna maneno mengi: ukate vipande vifupi, upasue sehemu ya chini iliyo nene, utakauka.

Kuhusu vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu, ushauri wangu ni kwamba usivitumie kuokoa majani ambayo hayajakauka. Nilijaribu mara moja. Vilivuta mpaka namba ikafika 38, majani yakasagika yenyewe, na bua bado lilikuwa linapinda bila kuvunjika. Kwenye chupa ambayo imeshatulia, sawa, kimoja kinasaidia.

Ningevinunua tena, na nimeshavinunua tena: sasa ninavyo vitano, kwa sababu kila chupa mpya inataka chake kwa wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo naweza kukihamishia kwenye nyingine. Kama unaanza, nunua angalau viwili na uvipime kwa chumvi siku hiyo hiyo unayovitoa kwenye paketi. Chupa ya mwisho ya ule mnanaa wa gramu 155 ina miezi kumi na mmoja leo. Nimetoka kuifungua. Majani bado ni ya kijani, kikonyo kinakatika kwa sauti, na kabla sijafungua namba ilikuwa 54.