Lunr: kutafuta ndani ya nakala ya tovuti pasipo intaneti

Kompyuta mbili za chumba chetu cha kusomea hapa Kongwa zina nakala ya tovuti yetu ya ushauri wa kilimo na mifugo, yenye kurasa zipatazo 600, kwa ajili ya watu ambao bando ni ghali kwao au mtandao hauwafikii. Programu ya wget ilipakua kurasa zote na kurekebisha viungo vyake, lakini kisanduku cha kutafutia kilibaki bila kazi, kwa sababu utafutaji hufanywa na seva, ambayo haikuja na kurasa. Mfugaji aliyetaka habari za kupe alifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, na wengi waliondoka mikono mitupu.

Nilichagua Lunr, maktaba isiyolipiwa ya JavaScript (yaani msimbo uliokwisha kuandikwa kwa lugha hiyo ya kurasa za wavuti), inayotafuta ndani ya kivinjari chenyewe kwa kutumia faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa yanamopatikana, iliyoandaliwa mapema. Kwa kuwa kivinjari cha Chrome hakiruhusu ukurasa uliofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski kusoma faili la data lililo kando yake, faharasa niliiweka ndani ya faili la JavaScript, nayo ikapokelewa bila shida.

Kinachonifanya niisifu ni kinyota (*), alama inayosimama badala ya herufi zozote. Maneno ya Kiswahili hubadilika mwanzoni, na anayeandika "shamba" anahitaji pia kurasa zenye "mashamba". Lunr hukubali kinyota mbele ya neno na nyuma yake, hivyo niliongeza mistari michache inayokiweka pande zote mbili, na "shambani" nalo likaanza kupatikana.

Hata hivyo, maktaba hii iliandaliwa kwa ajili ya Kiingereza. Wakati wa kutengeneza faharasa hukata miisho ya maneno, na "ng'ombe" hupoteza "e" yake, ilhali neno linalotafutwa kwa kinyota halikatwi; kwa hiyo hapa Kongwa, penye ranchi inayojulikana nchi nzima, neno "ng'ombe" halikuleta ukurasa hata mmoja mpaka nilipoiondoa hatua hiyo ya ukataji. Ritifaa, ile alama (') iliyo ndani ya "ng'ombe", pia itazamwe kwa makini, kwani baadhi ya kurasa zetu zilichapwa kwa ritifaa iliyopinda, na kwa kompyuta neno lenye ritifaa iliyonyooka na lenye iliyopinda ni maneno mawili tofauti.

Faharasa ikishatengenezwa haiongezewi kurasa. Hutengenezwa upya yote. Kwa tovuti ya kiasi chetu hiyo ni kazi ndogo.

Kinyota nacho kina gharama yake: "kupe" lilileta "kupeleka", "kupewa" na "kupenda". Lunr inaruhusu neno kupewa uzito, kwa hiyo sasa neno kamili hutafutwa kwanza likiwa na uzito mkubwa, na yenye kinyota hufuata chini. Juma lililopita mama mmoja aliandika "kupe", ukurasa wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ukatokea juu kabisa, naye akaomba tumchapishie sehemu inayoeleza kuogesha mifugo kwenye josho.